Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Dola Zenye Kasoro ya Kiwandani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongoza watalii. Mgeni kutoka Marekani aliniachia bakshishi ya sarafu mbili za dola zenye rangi ya dhahabu. Moja ina sura ya George Washington, na nyingine ina mama aliyembeba mtoto mgongoni, pamoja na mwaka 2000. Zote mbili kingo zake ni laini, hazina maandishi wala mistari. Rafiki yangu aliyeko Kampala anasema zilikosewa kiwandani na kwamba ni mali. Je, ni kweli?
Msomaji, Kisoro

JIBU: Huenda ni kweli kwa moja tu. Mama huyo ni Sacagawea, mwanamke wa jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, na sarafu zake zilizotoka kati ya mwaka 2000 na 2008 zilitengenezwa kwa makusudi zikiwa na ukingo laini, kwa kuwa mwaka na herufi ya kiwanda viliwekwa usoni. Hiyo basi ni dola moja kama dola nyingine. Mwaka 2009 ndipo vitu hivyo, pamoja na maneno ya Kilatini E PLURIBUS UNUM, vilipohamishiwa ukingoni.

Ya Washington ni habari nyingine, na inafaa uishike kwa uangalifu. Ilitolewa Februari 2007, ikiwa ya kwanza katika mfululizo wa sarafu za marais, na ilitakiwa kuwa na mwaka, herufi ya kiwanda, E PLURIBUS UNUM na IN GOD WE TRUST, vyote vikiwa ukingoni. Sarafu hizo hupigwa chapa pande zote mbili kwanza, kisha hupelekwa kwenye mashine ya pili ambayo huibana kila sarafu na kuibingirisha ili maandishi yaingie ukingoni. Mafungu kadhaa, hasa ya kiwanda cha Philadelphia, yaliiruka mashine hiyo ya pili na kwenda moja kwa moja benki, na watu wakagundua sarafu ambazo hazina mwaka mahali popote. Za mwanzo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Ilipofahamika kwamba zipo maelfu kwa maelfu, bei ikashuka hadi makumi.

Hata hivyo, usishangilie kabla ya kuipima, maana wapo wanaoyaondoa maandishi kwa tupa na kuiuza sarafu kama iliyokosewa. Sarafu nzima ina uzito wa gramu 8.1 na kipenyo cha milimita 26.5. Mwombe sonara akupimie kwa mizani yake ya dhahabu, kwa sababu mizani ya dukani haioni tofauti ndogo kiasi hicho. Kisha uuzungushe ukingo polepole chini ya kioo cha kukuzia, mwanga ukitoka ubavuni. Ukingo wa kiwandani hung'aa kwa usawa pande zote. Uliopigwa tupa huwa na mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, na mara nyingi kivuli cha herufi moja au mbili hubaki.

SWALI: Ninazo sarafu mbili za marais. Ya kwanza, nikiilaza sura ikiwa juu, maandishi ya ukingoni yanasomeka juu chini. Ya pili ina upande mmoja mwekundu kama waya wa shaba. Je, hizi ni kasoro?
Msomaji, Arua

JIBU: Ya kwanza si kasoro. Mashine ya ukingoni haichagui upande gani wa sarafu uko juu, kwa hiyo maandishi huweza kuelekea huku au kule. Kasoro ya kweli ni maandishi yaliyoandikwa mara mbili, kama ilivyotokea kwa baadhi ya sarafu za John Adams za mwaka 2007 zilizopitishwa mashineni mara mbili: herufi zinapandana, na pengine mstari mmoja unasomeka kinyume cha mwingine.

Kuhusu ya pili, mizani ndiyo itakayoamua. Kiini cha sarafu hizi ni shaba tupu, na kila upande umefunikwa kwa tabaka la shaba ya manjano iliyochanganywa na madini ya manganizi. Tabaka likikosekana tangu kiwandani, shaba hujitokeza na uzito hupungua waziwazi chini ya gramu 8.1. Ukikuta uzito umetimia, tabaka bado lipo, na wekundu huo umeletwa na moto, tindikali au udongo. Madini haya hubadilika rangi upesi hata kwa jasho la mkono tu, jambo ambalo limewadanganya wengi.

SWALI: Nikithibitisha kuwa yangu ina kasoro, niipeleke duka la kubadilisha fedha?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana. Maduka hayo kwa kawaida hununua noti, na hata akitokea wa kuipokea, atakupa thamani ya dola moja. Wanunuzi wa sarafu za namna hii ni wakusanyaji, na wao huamini zaidi cheti cha kampuni za ukaguzi za Marekani kama PCGS na NGC. Gharama ya kutuma na kukaguliwa huweza kuimeza bei yote ya Washington isiyo na maandishi, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Na tafadhali usiisugue kwa majivu, limau wala dawa ya meno, kwani sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama kasoro yake ni ya kweli.