Nano-silika kwenye jiopolima ya slagi: hesabu kabla ya ndoo

Jiopolima ya slagi ni kiunganishi mbadala wa saruji: slagi iliyosagwa (mabaki ya tanuru la chuma) hukazwa kwa alkali, yaani kostiki soda na sodiamu silikati. Kosa la kwanza la wanaoijaribu ni kutia nano-silika (silika ya chembe ndogo mno), kuona vipande vimepata nguvu, kisha kuandika kwamba nano imefanya kazi. Huenda iliyofanya kazi ni silika tu. Chembe ndogo kiasi hicho huyeyuka kwenye alkali kali, zikawa sawa na sodiamu silikati uliyokwisha kuiweka.

Chukua slagi gramu 1,000. Unataka Na2O (oksidi ya sodiamu) iwe asilimia 5 ya slagi, na moduli (moli za SiO2, yaani silika, kwa moli moja ya Na2O) iwe 1.2. Kama silikati yako ina Na2O asilimia 14.7 na SiO2 asilimia 29.4, utahitaji silikati gramu 198, kostiki soda (NaOH) gramu 27 na maji gramu 289. Ukijumlisha na yaliyomo kwenye silikati, maji yote ni 400. Ongeza nano-silika gramu 20. Ikiyeyuka yote, moduli inaruka hadi 1.6. Basi, mbali na hiyo miwili, usio na nano na wenye nano, tengeneza mchanganyiko wa tatu usio na nano lakini wenye moduli hiyo ya 1.6: silikati gramu 266, kostiki 14, maji 251. Nano ikishindwa kuupita huo kwa nguvu, umenunua silikati ya bei mbaya.

Silikati ya maduka ya vifaa vya sabuni hupatikana kirahisi, ila dai cheti chake. Asilimia zikiwa za kubahatisha, hesabu yote imeharibika.

Nano ya maji yenye silika asilimia 30 ni rahisi kuliko ya unga. Gramu 20 za silika zinatoka kwenye gramu 67 za kimiminika, nacho kinaleta maji gramu 47. Yatoe kwenye maji ya mchanganyiko wa nano: 289 inakuwa 242. Usiimimine kwenye ndoo ya kostiki na silikati. Sodiamu nyingi huigandisha ikawa vidonge. Ichanganye na slagi pamoja na sehemu ya maji kwa dakika mbili, ndipo ulete alkali. Ya unga huwa imeshikana tayari, na mashine ya kawaida haiivunji. Itawanye majini kwa mashine ya mawimbi ya sauti ya juu (ultrasonic), na vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Ukizidisha nano asilimia 3 ya slagi, rojo hukaza na madonge hubaki kuwa sehemu dhaifu.

Kostiki humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Tumia ndoo ya plastiki, kwa sababu alumini hutoa haidrojeni. Miwani na glovu ni lazima. Iache alkali ipoe hadi kesho yake: slagi yenyewe huwahi kuganda, na alkali ya moto itakunyima muda wa kujaza kalibu.

Mbeya mwezi Juni na Julai, vipande vilivyolala kwenye banda wazi huchelewa kukomaa. Viweke chumba kimoja vyote, uandike joto la usiku. Upepo mkavu wa Septemba una shida nyingine, nyufa za kusinyaa, kwa hiyo funika kwa nailoni mara tu unapomaliza kusawazisha. Usivizamishe majini kama saruji, alkali huvuja. Kwa walioko Njombe na Makete: nano ya maji ikipigwa na barafu hairudi hali yake hata ikiyeyuka, kwa hiyo pipa lisilale nje.

Slagi iwe ya tanuru la kuyeyushia madini ya chuma, iliyopozwa ghafla kwa maji. Ile ya viwanda vya vyuma chakavu ni kitu kingine, hata ikisagwa laini.