Je, "kumtii Mungu kuliko wanadamu" kunamruhusu Mkristo kukataa kodi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Katika kikundi chetu cha maombi yupo ndugu mfanyabiashara anayesema mtu aliyeokoka hapaswi kulipa kodi kwa watawala wasiomcha Mungu. Anashikilia Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Nilipomsomea Warumi 13 akanijibu kwamba Paulo aliwaandikia watu wa wakati wake. Wakristo wa kwanza waliyaelewaje maandiko haya?

JIBU: Amina, mpendwa. Huo wakati wa Paulo ulikuwa wakati wa Nero. Waraka kwa Warumi uliandikwa yapata mwaka 57, na aliyekaa kitini Rumi alikuwa mwabudu sanamu. Kama ukafiri wa mtawala ungemwondolea mwamini wajibu wa kodi, waamini wa Rumi wangekuwa wa kwanza kusamehewa. Paulo akawaambia walipe.

Sasa soma Matendo 5 yote, usiishie mstari wa 29. Baraza liliwaamuru mitume wasifundishe kwa jina la Yesu. Hiyo ndiyo amri waliyoikataa, maana kuitii kungekuwa kumkana aliyewatuma. Wakapigwa, wakatoka wakifurahi, wakaendelea kufundisha hekaluni, mchana, mbele ya watu. Kukataa kwao kuliwagharimu. Ndugu yako anakataa jambo linalomwongezea fedha mfukoni, na hapo ndipo ninapoingiwa na mashaka makubwa.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Afrika, Carthage, katika nchi inayoitwa leo Tunisia. Tarehe 17 Julai 180 Wakristo kumi na wawili, wanaume na wanawake, wanaojulikana kama mashahidi wa Scillium, walihukumiwa mbele ya liwali Saturninus. Aliwataka waape kwa uungu wa Kaisari, nao watasamehewa. Msemaji wao, Speratus, alikataa kiapo hicho. Katika kujitetea akasema hajaiba kamwe, na kila anachonunua hukilipia ushuru, kwa sababu anamjua Bwana wake, Mfalme wa wafalme.

Tazama sababu anayoitoa! Analipa ushuru *kwa kuwa* anamjua Kristo. Imani ileile iliyomzuia kuapa ndiyo iliyomfanya awe mwaminifu sokoni. Naye Donata, mmoja wa wanawake wale, akasema Kaisari apewe heshima kama Kaisari, bali hofu ni ya Mungu. Liwali akawapa siku thelathini wafikiri, Speratus akajibu tena kwamba yeye ni Mkristo, na wote wakakubaliana naye. Hukumu ya upanga iliposomwa, wakamshukuru Mungu.

Saturninus aliwauliza pia wana nini katika kisanduku chao. Speratus akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu Paulo aandike, nao hawakumhesabu kuwa mwalimu wa wakati uliopita. Walikwenda naye mpaka mahakamani.

Kwa hiyo usibishane na ndugu huyu mbele ya kikundi. Mwendee mkiwa wawili, na ikiwezekana mzee wa kanisa awepo. Mwulizeni kwa upole ni tendo gani la kumtii Kristo ambalo kodi inamzuia kulifanya. Akilitaja, nileteeni tulitazame pamoja. Asipolitaja, msomeeni Warumi 13:7, kisha mumwombee, maana kurekebisha hesabu za biashara kunaweza kumwumiza, naye atahitaji ndugu wa kusimama naye.