Mubashara ya Mwaka Juzi

Mhariri, assalamu alaykum.

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Televisheni imekufurahisheni sikukuu hii? Ikiwa haikukufurahisheni, nyumbani mlijipumbaza kwa nini?” Nusu ya kwanza ya suali jibu lake ni neno moja, hapana. Nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika, na mie si mwandishi, ni fundi wa cherehani hapa Machomanne, Chake Chake, Pemba.

Nianze na hilo la cherehani, maana bila ya hilo hamtofahamu kwa nini nilikasirika vile. Ramadhani ya fundi si kama ya watu wengine. Kumi la mwanzo wateja wanaleta vitambaa kwa taratibu na salamu ndefu. Kumi la kati wanapita “kuangalia tu”. Kumi la mwisho wanakaa kizingitini hawaondoki. Usiku wa kuandama mwezi nchi nzima inaomba mwezi uonekane, mie peke yangu naomba usionekane, nipate japo siku moja zaidi ya kutia pindo. Mwaka huu dua yangu haikupita. Tulikuwa tumejaa chumba kizima mbele ya televisheni, sie na majirani, tukingoja tangazo la Mufti. Likatoka, watoto wakaruka, wakatoka mbio barazani kupiga kelele, na mie nikarudi kwenye mashine hadi adhana ya alfajiri. Haki yake niitoe: usiku ule televisheni ilifanya kazi yake vizuri. Baada ya hapo ndipo ilipotusaliti.

Mwezi mzima, huku mguu uko kwenye pedeli, nilikuwa na ndoto moja. Sikukuu nitajilaza kwenye mkeka, mto chini ya kisigino, nitazame tivi mpaka usingizi unichukue. Nikajitayarisha kama anayesafiri. Nikatia umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, wa kutosha siku zote nne, nikalipia kifurushi cha king'amuzi, cha bei ya kati, kile wanachosema kina kila kitu. Na kituo kimoja, jina nalihifadhi, kilikuwa kikitangaza tangu kumi la mwisho: burudani ya sikukuu, taarabu, vichekesho, yote mubashara usiku wa sikukuu mosi. Mubashara! Nikawaambia hata wateja.

Sikukuu mosi asubuhi tukaonyeshwa sala ya Idi, sawa. Baadaye Baraza la Idi na hotuba, sawa pia, ndiyo desturi. Watoto walikwenda Tibirinzi alasiri, mvua ikawakuta kwenye pembea, wakarudi wametota, gauni jekundu la binti yangu mdogo limechuja rangi mpaka soksi zikawa za waridi. Sikukuu ikiangukia masika ndiyo hivyo. Tukala, tukasali Isha, nikatandika mkeka wangu, nikauweka mto.

Taarabu ikaanza. Ukumbi umejaa, akina mama wanawatunza waimbaji pesa, kwenye kona ya kioo pameandikwa mubashara. Wimbo wa pili, kamera ikapita safu ya mbele, na pale nikamwona mteja wangu, na mwilini gauni nililomshonea mimi. Kijani cha chupa, mikono ya kengele, shanga za dhahabu shingoni nilizozitia moja moja kwa mkono, jicho likaniuma wiki nzima. Gauni lile nililishona sikukuu ya mwaka juzi, alipokuwa akisafiri kwenda Unguja. Mwaka jana liliungua kwa pasi mgongoni, akaniletea huku analia, nikatia kiraka cha lesi, na kiraka kile ni kipana kama sahani ya chai. Huyu mama wa kwenye kioo akasimama kwenda kutunza, akatugeuzia mgongo. Mgongo mzima, hauna kiraka!

Nikapiga ukelele. Mume wangu akadhani nge. Nilipomweleza akacheka hadi akakaa, halafu akatoa lile neno lake la kila sikukuu: kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, zama za Mzee Aboud Jumbe, wakati Bara walisubiri mpaka 1994. Mwanangu wa kiume, wa darasa la sita, akamuuliza kwa adabu kabisa, “Na vipindi hivi, baba, ndivyo vya mwaka huo?”

Basi tukazunguka na rimoti. Huku mpira wa wiki iliyopita, ambao matokeo kila mtu anayajua. Kule tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, watu wanalia mezani na chakula kipo. Kwengine wachekeshaji wawili wanapigana vibao. Kwengine qasida, nzuri, lakini ile ile na watoto wale wale, ambao sasa bila shaka wana ndevu. Sikatai, marudio yana raha yake, mie wimbo nikiupenda nausikiliza mara kumi. Nilichochukia ni lile neno kwenye kona. Ukinipa kitambaa cha mwaka juzi niambie ni cha mwaka juzi, nitakishona tu.

Shangazi yangu alikuwa kaja kutoka Kangagani kula sikukuu na sie. Bi mkubwa huyu, muda wote ule kakaa ubavuni mwangu anatafuna tambuu, hasemi. Nikamuuliza, “Shangazi, unapenda kipi?” Akasema anapenda matangazo ya sabuni. Kwa nini? “Ndiyo yenye mwisho.”

Sikukuu pili ikaamka na mvua, ikashinda na mvua, ikalala na mvua. Tibirinzi haikwendeka. Watoto watatu ndani, pesa zao za sikukuu mifukoni na malai hakuna, unafahamu mwenyewe. Magharibi walikuwa wameshagombana juu ya rimoti mara nne, nami nikaizima tivi kwa hasira, si kwa hekima. Kimya kikaingia, ikasikika mvua juu ya bati.

Shangazi akasema, “Kitendawili.”

Binti yangu mkubwa tu ndiye aliyejibu, “Tega.”

“Kuku wangu katagia mibani.”

Wakaanza kubuni. Mdogo akasema trei la mayai. Wa kiume akasema waya za umeme, zimekaliwa na ndege. Sikulitegemea jibu lile na nusura nimpe. Shangazi akatikisa kichwa, akadai mji. Mdogo akampa Dubai. Akaikataa: “Sina nauli ya kurudi.” Wakampa Wete, akasema Wete ana deni dukani. Mwisho wakampa Konde, akaipokea, akajisifu kidogo jinsi watu wa Konde walivyompokea kwa pilau na kumtandikia kitanda cha besera, ndipo akasema: nanasi. Baada ya hapo hakuna aliyelala mapema. Popoo mbili zavuka mto, huku ng'o na huko ng'o, vyote vya kale ambavyo mie nilidhani kila mtoto wa Pemba anavijua. Wangu hawavijui. Sikuwafundisha, nilikuwa natia pindo.

Lakini la bao ndilo nililotaka kukuelezeni.

Marehemu baba yangu aliacha bao lake la mti wa mfenesi, mashimo thelathini na mbili, yamelainika kwa mikono. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliofika mwaka 2010, Pemba tulitegemea majenereta ya Wesha, na ulipokatika umeme baba hakuwa na habari nao. Aliwasha kandili, akaliweka bao barazani, na sauti ya kete ndiyo iliyotulaza. Alipofariki bao likaja kwangu, na naona haya kusema, nililifanya la vifungo. Mashimo thelathini na mbili kwa fundi ni neema: vyeusi huku, vya lulu kule, vya suruali safu ya nyuma, na ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, nikaweka vifungo vikubwa vya makoti.

Sikukuu tatu asubuhi Shangazi akaingia chumba cha kushonea kutafuta sindano, akaliona. Hakunigombeza. Alikaa chini, akachota vifungo shimo moja baada ya jingine, akavimimina kwenye kawa. Kisha akaniuliza kete ziko wapi.

Kete zilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, komwe za kijivu za pwani, zinang'ara kwa kushikwa. Tukazihesabu: hamsini na moja. Bao linataka sitini na nne. Pengo la kumi na tatu likajazwa na vifungo vyeupe vya mashati ya skuli, ndivyo vilivyokuwa vingi. Shangazi akavijaribu kiganjani, akavidondosha shimoni, akakunja uso. “Hivi havisemi,” akasema. Na kweli, komwe ikianguka inasema ko; kifungo kinatoa kijisauti cha maji kwenye kikombe. Lakini akacheza navyo.

Mimi sikujua kama anajua. Bao tumezoea kuliona barazani kwa wanaume. Kumbe yeye na baba, walipokuwa wadogo, walichimba mashimo uani kwenye mchanga, na yeye ndiye aliyekuwa akimfunga kaka yake. Akawaonyesha watoto kupanga: sita ndani ya nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa moja moja kila zamu. Hakuwapa bao la kujifunza, lile la kete mbilimbili kila shimo. Alisema hilo ni la kupotezea watoto wakati. Aliwatia moja kwa moja kwenye la Kiswahili, na ajabu ni kwamba wa kiume alishika kabla ya adhuhuri, wapi aanzie akila kimbi, yale mashimo ya pembeni, na lini hana cha kula basi atakate tu, yaani asambaze kete bila ya kula.

Mume wangu, mtu wa baraza la kahawa, mwenye maneno yake, akakaa kwa kujiamini. Akafungwa mkononi. Kwa asiyejua: kete za kunamua zilikuwa bado ziko kiganjani mwake, na safu yake ya mbele haina kitu. Akataka marudio (kumbe marudio anayapenda), akafungwa tena, safari hii alijitahidi mpaka mtaji, yaani hatua ya pili, kete za mkononi zimekwisha. Majirani wakaanza kuingia kwa kisingizio cha kuazima chumvi. Jioni chumba changu cha kushonea kilikuwa na watu kumi na moja, wengine wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, na mtu mmoja, sitamtaja, kakalia kanzu ya mteja iliyokwishapigwa pasi. Mie nilicheza mara moja. Nyumba yangu ililiwa na kete zake kumi na moja kabla sijaamua kama niilaze, yaani niiache ilivyo, au nisafiri nayo, nizisambaze kete zake. Sikudai marudio.

Televisheni hatukuiapia. Sikukuu nne usiku mume wangu aliiwasha kutazama habari, akaizima. Kifurushi bado kina siku kumi na nane, nitazitumia, nimezilipia.

Bao la mwisho la Shangazi na mwanangu halikwisha. Gari ya Kangagani ilipiga honi nje, naye akasimama, akafunga kanga, akamwambia mtoto asiguse kitu hadi arudi sikukuu ya mfunguo tatu. Zamu ni yake. Ni miezi miwili na siku. Mwanangu amelifunika bao kwa kawa, juu ya kawa akaweka msahafu wake wa chuoni, ili tusithubutu.

Jumatatu skuli zikafunguliwa. Mapema akaja mama mmoja kuchukua shati la mwanawe, limekwisha kila kitu isipokuwa vifungo. Nikamwambia ukweli, kwamba vifungo vyeupe nilivyo navyo vyote vimo ndani ya bao na siwezi kuvitoa. Nilingoja anigombeze. Akaniuliza kama anaweza kuona. Nikauondoa msahafu, nikafunua kawa. Akainama, akatazama muda mrefu, midomo inahesabu.

“Zamu ya nani?”

“Ya Shangazi.”

“Basi mwanao keshafungwa,” akasema, akavua viatu, akakaa kunionyesha shimo gani.