Kumtoa kwenye timu hakutoshi

Kaka, umeuliza kama kumtoa mwenzenu kwenye timu kunatosha kumfungia besi, yaani ngome yenu. Hapana, kwenye Rust, ule mchezo wa video wa kujenga ngome na kuvamiana, mtu ukimtoa kwenye timu bado ana ruhusa ya kujenga ndani ya besi. Timu na kabati la zana, lile linalotunza orodha ya wenye ruhusa ya kujenga, ni vitu viwili mbalimbali. Nendeni kabatini, futeni orodha yote, kisha kila mmoja wenu ajiidhinishe upya, maana ukifuta unajitoa na wewe mwenyewe. Kufuli za namba nazo zibadilishwe, mlango kwa mlango: namba mpya ikiwekwa, waliokuwa wakipita kwa ile ya zamani hawapiti tena. Mizinga ya kujifyatua ina orodha yake pia ya watu isiowapiga, msiisahau.

Lakini linaloumiza zaidi ni begi la kulalia, maana mwenye nalo akifa anaweza kufufukia pale lilipo. Sisi wanne hapa Kisauni tulibadilisha kila kufuli, begi la mwenzetu tuliyemtoa tukaliacha kwenye chumba cha makasha. Alfajiri akaamkia humo humo, salfa yote, madini ya kutengenezea baruti, ikaenda. Wiki nzima ya kuchimba. Begi lake livunjeni leo leo.

Kama seva yenu ina modi, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo, muulizeni msimamizi kwanza; huko ruhusa zinaweza kuunganishwa na timu.