Kompyuta inajizima yenyewe? Usikimbilie kupiga Windows

Juzi niliingia ofisini nikamkuta mdogo wetu mmoja, wiki ya tatu kazini, ameshachomeka flashi kwenye sipiyu (kasha la kompyuta) ya mteja na mshale uko juu ya neno Format. Nikamuuliza mashine ina nini. "Inajizima na kujiwasha, kaka. Nampigia Windows." Yaani afute kila kitu, aweke Windows upya. Nikamshika mkono. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yake na nyie wenzake mnaoanza kwenda majumbani kwa watu, kwa sababu makosa mnayoyafanya nayajua yote, na moja kati ya hayo bado linaniuma.

1. Anza ukutani. Kabla hujashika bisibisi, chomeka chaja ya simu yako kwenye soketi ile ile. Nimeona fundi amebadilisha pawasaplai (kifaa kinacholisha mashine umeme) mbili nyumbani kwa mtu Tabata, kumbe ekstensheni imeungua ndani. Kisha tazama nyuma ya pawasaplai: zile za zamani zina kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Mtumba uliotumika Marekani unaweza kukufikia kikiwa kwenye 115. Umeme wetu ni 230. Ukiwasha hivyo hivyo, ni mlipuko na harufu, na mwenye mali amesimama nyuma yako.

2. Feni linazunguka, kioo cheusi. Waya wa monita umechomekwa wapi? Kama mashine ina kadi ya picha, chomeka kwenye kadi, usichomeke kwenye mazabodi (bodi kuu). Bado cheusi? Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, shika chuma cha kasha la sipiyu, toa RAM (kijiti cha kumbukumbu), sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka vishikio vilie. Na jamani, hesabuni milio! HP Compaq za zamani zikilia mara 5 huku taa nyekundu inakonyeza, zinakuambia ni RAM. Mashine inasema na fundi kavaa spika za masikioni.

3. Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu. Sipiyu ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamwamkia, akanieleza vizuri kuliko wateja wengi: "Mwanangu, inaleta kioo cha bluu halafu inajiwasha upya. Siku nyingine inakaa saa nzima, siku nyingine dakika mbili tu." Jibu lilikuwa humo humo. Tatizo lisilo na ratiba, bluu yenye maneno tofauti kila mara: ishuku RAM, halafu joto, halafu pawasaplai. Mimi nilikuwa na flashi ya Windows 7 mfukoni na wateja wawili wananisubiri. Nikauliza swali moja, "Mama, kuna kitu cha muhimu humu?" Akasema, "Hamna, mimi nacheza karata tu." Nikafuta patisheni zote mbili za diski, C na D.

Windows ikafika asilimia 34 ikagoma, ikaleta namba ya kosa 0x80070570. Nikarudia, ikagoma kwenye 61. Flashi ile ile, kila mara inagomea mahali tofauti, na bado nikaenda kutafuta flashi nyingine. Saa tatu zilipita ndipo nikachomoa kijiti kimoja cha RAM kati ya viwili. Ikaingia bila kikwazo. Kazi nzima ya siku ile ilikuwa hiyo, kuchomoa kijiti cha 2GB.

Jioni akapiga simu. "Fundi, mwanangu wa Mwanza anauliza picha za baba yake ziko wapi." Kijana alizihifadhi kwenye D, miezi ya mwisho ya marehemu. Mama hakunidanganya; kwake yeye zile zilikuwa picha za mtoto, hakuzihesabu kuwa ni vitu vyake. Nikaichukua ile diski, nikakesha nayo siku tatu na programu za kurejesha mafaili. Mengi yalirudi majina matupu. Picha moja naiona mpaka leo: mzee amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, kofia na paji la uso vipo, kuanzia machoni kushuka chini ni kijivu kitupu. Zilizopona nzima zilikuwa 11. Mama akazitazama moja moja, akasema ahsante, akaniuliza kama nimekula. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Siku hizi naomba nionyeshwe picha: za harusi, za msiba, za watoto. D naifungua mwenyewe, mteja akiwa pembeni yangu. Kama mashine haiwaki, diski inahamia kwenye mashine nyingine, nanakili, ndipo nagusa kitu.

4. Diski ikigonga ta-ta-ta, zima hapo hapo. Usiipigie chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski), unaimalizia.

5. Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika? Badilisha betri ndogo ya kwenye mazabodi, CR2032. Usimuuzie mtu mazabodi.

6. Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole lisizunguke. Pesti mpya ya kupitisha joto la prosesa ni tone la punje ya mchele. Mnavyoipaka mnapaka kama siagi kwenye mkate.

Ile mashine ya juzi tuliiwashia Memtest, programu ya kupima RAM. Hazikupita dakika kumi, mistari myekundu ikajaa kioo. Nikamwachia kijana achague kijiti cha kuchomoa. Alichomoa kizima kwanza, akakirudisha, akachomoa kibovu, mistari ikakoma. Kisha akampigia mteja simu, nikamsikia anauliza: "Dada, picha zako huwa unaziweka wapi?"