Kubeua kila saa: miaka miwili nilitibu tumbo, kumbe shida ilikuwa hewa ninayovuta mwenyewe

Pole sana mkuu. Umesema unabeua kuanzia asubuhi mpaka unapopanda kitandani, vidonge vya asidi havijasaidia, na unauliza ule nini na ununue virutubisho gani. Hali hiyo naijua. Nimeishi nayo miaka miwili.

Mimi ni dereva wa Kosta, Arusha–Moshi. Mchana nilikuwa nakula stendi kwa dakika 5, kwa sababu zamu ikifika gari lazima litoke. Chapati maharage, soda baridi ya kushushia, halafu bigijii njia nzima ili usingizi usinishike. Nikifika Usa River mbweu zimeanza, na mpaka Boma Ng'ombe ni moja baada ya nyingine. Ilifika mahali nikawa sikai na watu msibani kwa aibu. Hilo liliniumiza kuliko tumbo lenyewe.

Nikajitibu vidonda vya tumbo, kama wengi tunavyofanya. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, miezi kadhaa bila kipimo chochote, na duka moja la dawa wakaniuzia antibiotiki kwa kusikiliza maelezo yangu tu. Nilipofika kwa daktari akataka kipimo cha choo cha H. pylori, yule bakteria wa tumboni anayeleta vidonda, ila akaniambia kwanza niache omeprazole wiki 2, na ziwe zimepita wiki 4 tangu antibiotiki, la sivyo majibu yanaweza kusema huna kumbe unao. Anza hapo, tafadhali. Ukikutwa nao utapewa dozi, mara nyingi ya siku 14, na uimalize yote.

Mimi sikuwa nao. Ndipo daktari akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: ukiwa usingizini unabeua? Mama watoto akajibu yeye, hapana, hata mara moja. Daktari akanieleza kwamba hewa yangu nyingi haitoki tumboni kabisa. Kabla ya kila mbweu navuta hewa kidogo bila kujua, inaingia kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kutoka hapo hapo. Nahisi nimejaa, nabeua nipate nafuu, kisha navuta nyingine. Mawazo yakizidi, nayo inazidi, na kweli mwezi wa ada za shule ndio ulikuwa mbaya kuliko yote.

Alichonipa ni zoezi la kupumua. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Vuta pumzi polepole kwa pua, tumbo lipande na kifua kitulie, kisha toa taratibu. Mbweu ikitaka kuja, acha mdomo wazi kidogo na ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, maana hapo ni vigumu kuvuta hewa. Dakika 5 baada ya kula, na mimi naongeza nyingine kabla ya kuwasha gari. Wiki ya kwanza sikuona kitu nikakaribia kuacha. Ya tatu mama watoto ndiye aliyegundua kwamba nyumba imetulia.

Upande wa chakula, soda na bigijii niliacha siku hiyo hiyo. Chai naisubiri ipoe. Ile ya maziwa inayochemshwa pamoja na majani inakuwa ya moto sana, ukiinywa kwa kuifyonza unameza hewa kila funda, na tangu 2016 wataalamu wa saratani wa WHO wameweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Huku kwetu Kilimanjaro hilo tulichukulie kwa uzito.

Lingine ni magadi. Mama yangu Kibosho hapiki kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, bila magadi, na mimi nilikuwa nabeua sana kila nikitoka kumsalimia. Magadi yakikutana na asidi ya tumbo yanatoa gesi, sawa na zile poda za povu tunazokoroga kwenye maji tukitafuta nafuu. Sasa mama analoweka maharage usiku kucha, anamwaga maji, anapika bila magadi. Yanachelewa kuiva, lakini ananipikia hivyo, Mungu ambariki.

Virutubisho nilinunua vingi. Vidonge vya bakteria wazuri na vya mkaa vilimaliza hela, mbweu zikabaki palepale. Vimeng'enya vya maharage, vile vidonge vya kusaidia kuyasaga, vinahusu gesi ya utumbo mpana, ambayo hutokea njia ya chini, kwa hiyo usivitegemee kwa mbweu. Kama maziwa ndiyo yanakujaza, jaribu mtindi wiki mbili kabla ya kununua chochote.

Ila ukiona chakula kinakwama kooni, unapungua uzito, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, achana na haya yote uende hospitali wakufanyie endoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa kooni hadi tumboni.

Muulize mtu unayelala naye kama unabeua usingizini, kisha urudi hapa utuambie, pamoja na majibu ya kipimo.