Wakaaji wa kando ya Kawa wanakwepa maswali yenu

Ndugu, umeuliza mbona wakaaji wa kando ya mto Kawa, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hawataki kuwajibu ninyi watafiti kuhusu mafuriko. Wanaogopa kubomolewa, basi. Akiona daftari na utepe wa kupimia, mtu anawaza nyumba yake inaondolewa. Pitieni kwanza kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, mseme utafiti ni wa nini, na msiahidi fidia.

Kisha wekeni fomu kando, tembeeni nao. Mama mmoja alinionyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Hapo ndipo maji yalipofika; huo ndio wa kupima! Tarehe wanazisahau, ila mafuriko ya Nyamukubi, Kalehe, Mei 2023, wanayakumbuka: ulizeni, "kabla au baada yake?"

Mkiona nyufa mlimani, msikadirie hatari wenyewe. Iteni mtaalamu wa maporomoko ya ardhi.